Kabla hujashika spana: mambo ya kucheki kwenye pikipiki iliyolala miaka

Pikipiki iliyoachwa kwenye kona miaka mingi haifi siku moja, inaoza taratibu sehemu ambazo huzioni kirahisi, kwa hiyo kinachoumiza wengi ni haraka ya kutaka kusikia inaunguruma siku hiyo hiyo imefika nyumbani. Naomba usiiwashe kwanza. Najua hamu inakuwa kubwa sana ila subiri.

Anza na karatasi. Namba ya fremu (mara nyingi imegongwa pale kwenye shingo ya usukani) na namba ya injini zilingane na zile za kwenye kadi, kama umeipata kwa mtu hakikisha anaweza kukuhamishia umiliki kihalali, maana hakuna kitu kinauma kama kuijenga pikipiki mpaka ikapendeza halafu huwezi kuitoa barabarani.

Halafu ujue kama injini inazunguka. Piga brashi au upepo kuzunguka plagi kabla hujaifungua, mchanga ukidondokea ndani ya silinda umejiongezea kazi, ukishaitoa weka oili safi kidogo kupitia hilo tundu uiache ilale, kama imejam iache hata siku kadhaa. Ukirudi usiirukie kiki kwa nguvu zote! Weka gia ya juu kabisa, tairi la nyuma liwe hewani, lizungushe kwa mkono mbele na nyuma taratibu, utahisi pistoni inaanza kuachia kidogo kidogo. Ukilazimisha na kutu ipo ndani unaweza kuvunja ringi au kuchana ukuta wa silinda, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa. Kama ni foo stroku (injini ya mipigo minne) chomoa pia kijiti cha kupimia oili unuse, ikinuka petroli ujue kabureta ilikuwa inavujisha mafuta mpaka kwenye oili, na ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia. Vyovyote itakavyokuwa, oili ya zamani imwagwe yote kabla ya kuwasha.

Petroli ndo inasumbua zaidi. Ikikaa muda mrefu sehemu nyepesi inaruka, inabaki kama gundi ya kahawia inayonuka vibaya, na hiyo gundi inapenda kuziba ile jeti ndogo ya sailensa (inayopitisha mafuta injini ikiunguruma taratibu bila kuvutwa) ambayo tundu lake ni jembamba mno, ndo maana pikipiki nyingi zilizolala zinawaka kwa choki (ile inayoongeza mafuta wakati wa kuwasha) tu ukiitoa zinazima. Kwa hiyo panga kabisa kuishusha kabureta, ununue gasketi ya bakuli lake mapema sababu ya zamani ikifunguliwa mara nyingi haikubali kurudi. Mulika tochi ndani ya tanki, kama unaona kutu inabanduka usimimine mafuta mapya juu yake, litoe ulisafishe na uweke filta mpya. Na tanki lililowahi kuwa na petroli usikubali mtu alichomelee hivi hivi eti liko tupu, mvuke peke yake unalipuka.

Mpira wote uuone ni mtuhumiwa: mipira ya mafuta, sili za shokapu, mipira ya breki. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado limekufa, angalia ubavuni mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne, 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, ukikuta tatu tu hilo ni la kabla ya 2000, litupe bila huruma. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu kutoka hewani yakaleta kutu kwenye masta silinda (pampu ya breki) na kalipa (inayobana diski), so hata kama lever inashika bado yabadilishwe, na usiyadondoshe kwenye rangi yanaila.

Umeme cheki fyuzi, panya (wanakula waya na kujenga kiota kwenye boksi la hewa), na usome kama mfumo ni wa volti 6 au 12 kabla hujanunua betri na balbu, pikipiki za zamani nyingi ni za 6.

Sehemu ya kazi iwe na hewa ya kutosha, isiwe karibu na jiko wala kitu chochote cha moto, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini kwenye sakafu. Piga picha kila hatua, bolti za kila sehemu zikae mfuko wake umeandikwa. Kama ni ya Kijapani tafuta bisibisi ya JIS (kipimo cha Kijapani), zile skrubu zinafanana na za nyota za kawaida ila sio, ukitumia bisibisi isiyokaa vizuri unazinyonyoa vichwa.

Spea usinunue mpaka umemaliza kuikagua yote na kuandika orodha, breki na tairi zikae juu kabisa. Rangi na kromu mwisho kabisa, baada ya injini kuwaka na breki kushika, maana ukipaka tanki mapema lazima petroli itaimwagikia wakati bado unahangaika na kabureta.