Bastola ya nyumbani na ya kiunoni: chagua za ukoo mmoja

Waswahili wenzangu hapa Texas huniuliza swali lile lile, kanisani, kwenye harusi, hata kwa simu: "Dada, nataka bastola mbili, moja ikae chumbani na nyingine niibebe chini ya nguo. Nichukue zipi?" Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku Fort Worth. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na tuna watoto wawili. Jibu langu ni kwamba mbili hizo ziwe za ukoo mmoja: kampuni moja, risasi za aina moja, triga (kifyatulio) inayovutwa kwa namna moja, vitufe mahali pamoja. Kubwa ikae nyumbani, ndogo yake ikae kiunoni.

Sababu ni mkono. Mtu aliyeshtuliwa usingizini saa tisa usiku hana nafasi ya kukumbuka maelekezo. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, masikio yanaziba. Kazini naiona hali hiyo kwa watu wazima wenye akili timamu. Kinachofanya kazi wakati huo ni mazoea. Kama bastola ya chumbani ina sefti ya kidole gumba (kitufe cha kuifunga isifyatuke) na ya kiunoni haina, umejifundisha mambo mawili yanayopingana, na hujui lipi litakuja mkononi siku ya hatari.

Kabla ya duka, sheria. Duka lenye leseni ya serikali kuu kwa kawaida haliuzi bastola kwa aliye chini ya miaka 21. Utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, kisha jina lako litapelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Mwanafunzi au mfanyakazi aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na misamaha iliyopo ni michache, kwa hiyo aonane na wakili kwanza. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake, hata kama kosa lilihesabiwa dogo, amezuiwa. Na binamu ambaye karatasi zake hazijakamilika akikupa pesa umnunulie, mkatalie. Kusema kwenye fomu kwamba bastola ni yako wakati ni ya mwingine ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mhamiaji linaweza kuvuruga makaratasi yote.

Texas iliruhusu watu wengi wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila kibali kuanzia tarehe 1 Septemba 2021. Hata hivyo chukua kibali. Darasa lake linakufundisha sheria ya lini mtu anaruhusiwa kutumia nguvu, na baadhi ya majimbo mengine yanakitambua. California na New York hayakitambui, na huko magazini (visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) zinazozidi risasi 10 zimepigwa marufuku. Mwenye mpango wa kuhamia upande huo alipime hilo kabla ya kununua.

Sasa bastola zenyewe. Wengi huanza na ndogo kwa kuwa inaonekana rahisi, na wauzaji wengi wakimwona mwanamke humpa kibastola kiduchu chepesi. Mimi napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake (msukumo wa nyuma inapofyatuka) huwa kali zaidi, springi ya slaidi (kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma) huwa ngumu kuvuta, na mpini haukutoshi vidole vyote. Ni silaha ya mtu aliyekwisha kujua. Anza na ile ya nyumbani, mkono ujifunze kwa kubwa, ndipo uende kwa ndogo yake.

Kipimo cha mpini ni hiki: shika bastola tupu, bonde la kati ya kidole gumba na cha shahada likae juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kikifika kwenye triga kwa ile nyama ya ncha yake, bila wewe kuizungusha bastola kiganjani, inakufaa. Kisha vuta slaidi mara kadhaa. Wasioweza mara nyingi wanaivuta kwa vidole viwili vya mbele. Ishike kwa kiganja kizima juu, karibu na kifua, halafu sukuma mpini mbele huku ukivuta slaidi nyuma. Mkishiriki bastola ya nyumbani wewe na mwenzio, mwenye mikono midogo ndiye achague.

Nyumbani kwetu tuna Glock 19 na Glock 26. Zote zinatumia risasi za milimita 9, triga ni ile ile, na kitufe cha kutoa magazini kipo mahali pamoja. Ya 19 inabeba risasi 15 na mtutu wake una milimita 102. Ya 26 inabeba 10 na mtutu wake una milimita 87. Utamu wa jozi hii ni kwamba magazini ya 19 inaingia kwenye 26 na kufanya kazi, ikichomoza kidogo chini. Kinyume chake haiwezekani, ya 26 ni fupi mno kwa 19. Fahamu pia kwamba Glock hazina sefti ya kidole gumba. Usalama wake uko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hiyo nidhamu ya kidole na ala nzuri (mfuko wa kuvalia bastola) ndivyo vinavyokulinda.

Wengine wanapenda kuoanisha Glock 19 na 43X, ambayo ni nyembamba zaidi, unene wake takriban milimita 28 wakati ya 19 ina 34. Ni jozi nzuri, ila magazini haziingiliani, basi kila moja iwe na zake na zikae mbali mbali. Ukoo wa SIG Sauer P365, ulioanza kuuzwa 2018, nao unafaa sana: P365 ya kawaida ina risasi 10, XL ina 12, X-Macro ina 17, na magazini ndefu huingia kwenye mipini mifupi. Kwa Smith & Wesson kuna M&P 2.0 kwa nyumba na Shield Plus kwa kiuno. Hapo soma sanduku vizuri, kwa sababu zinauzwa zenye sefti ya kidole gumba na zisizo nayo. Zote mbili ziwe nayo, au zote mbili zisiwe nayo.

Mama yangu mdogo ana baridi yabisi ya vidole, slaidi hawezi kabisa. Kwa mtu kama yeye jozi inaweza kuwa ya rivolva (bastola ya silinda inayozunguka, isiyo na slaidi): kubwa ya risasi za .357 Magnum nyumbani, ndogo ya risasi za .38 Special ya kubeba, na zote mbili zitiwe risasi za .38. Bastola ya .357 inakubali .38 na teke linakuwa la upole, ya .38 usiitie .357 kamwe. Ila rivolva nyepesi yenye risasi 5 inauma kiganja, na triga yake ni nzito, kwa hiyo ajaribu ya kukodi kwanza. Kukodi ni ushauri wangu kwa kila mtu. Viwanja vingi vya shabaha hapa vinakodisha, na hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na bastola mpya ya zaidi ya dola 500.

Usichanganye aina za risasi ndani ya nyumba. Risasi ya milimita 9 inaweza kuingia kwenye mtutu wa bastola ya risasi za .40, na hapo kuna hatari ya kweli. Kwa mazoezi nunua zile za ncha ya mviringo, kwa ulinzi zenye ncha ya shimo, ambazo hutanuka zikipiga na hazipiti mbali sana. Jambo hili lina uzito kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba za matofali. Kuta za ndani za nyumba za Marekani ni mbao na bodi za jasi. Risasi ya aina yoyote ukikosa lengo itapita ukuta, na chumba cha pili, na huenda ikamfikia mtoto kitandani. Tembea nyumbani mchana ujue upande gani haupaswi kuelekezwa mtutu hata kidogo. Mpango wetu ni watoto kuja chumbani kwetu, mlango kufungwa, simu ya dharura kupigwa 911, na bastola kuelekezwa mlangoni tu.

Taa ndiyo faida kubwa ya bastola ya nyumbani kuwa kubwa, kwani ya 19 ina reli ya kufungia taa chini ya mtutu. Lakini kuwe na tochi ya mkononi pia, maana huwezi kumwelekezea mtutu mtu usiyemjua ili tu umtambue. Huyo kwenye korido anaweza kuwa kijana wako aliyechelewa. Uliza kwa sauti, "Nani?" Mume wangu akirudi usiku hupiga simu akiwa nje, kila mara.

Kwa kubeba, kinachokufichua ni urefu wa mpini. Mtutu unalala ndani ya suruali bila shida. Mpini ndio unaosukuma blauzi. Ndiyo maana 26 inafichika ingawa ni nene. Nunua ala ngumu inayoifunika triga yote, pamoja na mkanda imara. Mkoba wa begani siupendi: unaachwa kwenye kiti, unaporwa, mtoto anaupekua akitafuta peremende. Gauni na dera vina ugumu wake. Siku ya kuvaa hivyo mimi naiacha bastola nyumbani. Siku za kazi pia naiacha, kwa kuwa hospitali ina mabango ya kukataza, na kuiacha kwenye gari ni kuwapa wezi. Majengo ya serikali kuu nayo kwa kawaida hayaruhusu. Hesabu siku unazoweza kubeba kweli. Kama ni chache, anza na moja ya nyumbani, ya pili isubiri.

Sefu inunuliwe kabla ya bastola, ya kufunguka haraka kwa tarakimu au alama ya kidole, iliyofungwa kwa skrubu. Texas inahesabu kuwa kosa kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bastola yenye risasi. Na hapa nasema kama muuguzi: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Nyumbani kukiwa na mtu aliyezama kwenye huzuni, hata awe wewe, bastola iondoke kwanza, mpe ndugu mnayemwamini anayeruhusiwa kuwa nayo, na upige 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, usiku au mchana.

Ukienda uwanjani peleka zote mbili. Anza na kubwa, malizia na ndogo, hatua zile zile: kuchomoa, kulenga, kubadili magazini. Pitisha pia risasi kadhaa za ulinzi kwenye kila moja, uhakikishe hazikwami. Begi la uwanjani liwe la uwanjani tu. Risasi moja iliyosahaulika kwenye begi unalosafiria itaonekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege, na kama unakwenda Nairobi au Dar es Salaam, utaulizwa leseni ya huko ambayo huna.