Usianze na "Ilikuwaje?": namna ya kumpokea mtu mwenye kiwewe

Mtu akikujia ametoka kwenye balaa, bado ana kiwewe, yaani jeraha la moyoni ambalo balaa hilo limemwachia, swali la kwanza linalokujia mdomoni ni "ilikuwaje?". Lizuie. Najua ni la huruma, na najua kwetu mtu asipouliza anaonekana hana utu. Lizuie hivyo hivyo. Muulize kwanza kama ameshakula, kama jana usiku alilala, na leo atalala wapi.

Mimi ni muuguzi. Ushauri nasaha niliuanzia CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wenye VVU, nikikaa na watu waliotoka kupokea majibu ya VVU, na baada ya hapo ikawa kila mwenye "mawazo" analetwa kwangu hapa Kigoma: wavuvi wa Kibirizi, akina mama wa Ujiji, wanafunzi, watu wa vijiji vya mpakani. Haya nayaandika kwa wale ambao si madaktari wala wanasaikolojia lakini ndio watu wanaowakimbilia: mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa mtaa, shehe, mama mchungaji, shangazi.

Kigoma swali la "ilikuwaje" lina uzito wake. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia kwao walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawakuta hapohapo, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuzwa mahali pa kuwapokelea. Kabla yao walishakuja Wakongo, ambao kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Mtu aliyepita njia hizo ameshasimulia mpakani, akasimulia kwenye usajili, akasimulia tena kila ofisi iliyomtaka athibitishe anachosema. Kila mara kuna mwenye kalamu na kuna mwenye kujibu. Ukimkalisha na wewe ukatoa daftari, kwake huo ni usaili mwingine tu, na kwa aliyewahi kuhojiwa na askari ni kitu kibaya zaidi ya usaili. Daftari liweke kabatini. Ukihitaji kuandika, andika akishaondoka, au muombe ruhusa na umwonyeshe ulichoandika.

Kinachoendelea ndani yake

Hatari inapotokea, ubongo hausubiri mtu afikiri. Kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iko ndani kabisa, kazi yake ni kupiga king'ora: moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni na mikononi, tumbo linasimama kazi. Mtu anapigana, au anakimbia, au anaganda. Hilo la tatu watu hulisahau. Mwanamke aliyebakwa ataulizwa "mbona hukupiga kelele?", tena na ndugu zake. Hakuchagua kunyamaza. Mwili uliganda, kama unavyoganda wa yeyote aliyebanwa na nguvu asiyoiweza.

Kwa wengi king'ora hutulia chenyewe. Wiki za kwanza mtu kukosa usingizi, kushtuka, kulia bila sababu, kuona picha ya tukio, vyote hivyo ni vya kawaida, na wengi hupona wakiwa kwao, na watu wao, bila dawa. Kazi inakuja pale mwezi unapopita na hali haishuki. Hapo utaona mambo matatu yanaandamana: tukio linarudi, usiku kwa ndoto na mchana kwa picha, kana kwamba linatokea sasa hivi, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha, na mwili uko macho saa zote, kama mbwa aliyewahi kuvamiwa usiku, anayebweka hata embe likidondoka. Juu ya hayo huja kujilaumu, aibu, na kuona kwamba hakuna wa kuaminika tena.

Lakini usitegemee mtu aje akuambie hivyo. Kwetu mtu hasemi "nina kiwewe". Anasema moyo unadunda, kichwa kinawaka moto, nina presha, vidonda vya tumbo, usingizi umekata. Atapima malaria, haipo, wiki ijayo atapima tena. Nyumbani watasema amechezewa. Mtoto yeye hata hayo hasemi. Ataanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, atang'ang'ania gauni la mama, au atacheza mchezo uleule kila siku: nyumba inachomwa, watu wanakimbia.

Kijana wa ziwani

Nikupe mfano mmoja, nimeubadilisha kiasi mhusika asitambulike. Kijana mvuvi wa dagaa, walivamiwa usiku ziwani na majambazi waliokuja na boti ya injini, taa wamezima. Walinyang'anywa injini na nyavu, mwenzake akapigwa, yeye akaruka majini. Miezi kadhaa baadaye haendi tena ziwani. Tajiri wake anamwambia ni mvivu, mama yake anatafuta mganga. Anachosema yeye ni kwamba anaumwa mgongo.

Alipoingia alikaa pembeni kabisa mwa kiti, mgongo haujagusa, macho mlangoni. Hapo watu wengi wangefunga mlango ili kulinda siri. Mimi nilimwambia, "Mdogo wangu, kaa unapotaka. Mlango tunaweza kuufunga, tunaweza kuuacha wazi kidogo, useme wewe." Akahamishia kiti ukutani, akiutazama mlango, akasema ubaki wazi kidogo. Nikavuta changu nikakaa ubavuni, nisimzibie njia. Ni mambo madogo, ila fikiria: usiku ule hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kila unapompa nafasi ya kuchagua, hata kiti, hata saa ya kurudi, unamrudishia kitu alichonyang'anywa. Ushauri unaozingatia kiwewe kwa sehemu kubwa ni huu. Mtu awe salama, ajue kinachofuata, achague, asidanganywe.

Kisha nikamwambia mipaka ya siri kabla hajasema lolote: "Utakayosema yanabaki hapa. Ila ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtoto anaumizwa, nitalazimika kumshirikisha mtu, na nitakuambia kwanza." Liseme mapema. Ukilisema baada ya mtu kufunguka, ataona umemtega.

Kutoka barabarani ikapita bodaboda, injini ikanguruma. Macho yakamtoka, mikono ikashika kiti, na hakuwa tena na mimi chumbani. Hali hii ikimpata mtu uliye naye usimshike bega, usimuulize "unaona nini?". Ita jina lake, sauti ya kawaida. Nilimwambia: "Uko Kigoma, ni saa nne asubuhi, ni mimi dada muuguzi. Kanyaga sakafu. Ina baridi au ina joto?"

Kimya. Halafu, "Baridi."

"Nitajie vitu vitatu vya bluu humu ndani."

"Ndoo. Pazia." Akatazama chini. "Kandambili zangu."

Tukapumua pamoja: kuvuta kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa hesabu ya sita. Ile ya kutoa ndiyo inayoutuliza mwili, kwa hiyo iwe ndefu. Macho yawe wazi, maana kuna watu ambao giza la macho kufumba ndilo linalowarudisha kule. Na vitu vya kugusa au kunusa chagua kwa akili. Vitabu hupenda kusema mnusishe harufu anayoizoea, na kwa mvuvi huyu harufu anayoizoea ni ya dagaa na mafuta ya injini, yaani harufu ya usiku uleule. Tulitumia limao.

Siku hiyo sikumuuliza hata mara moja kuhusu majambazi. Alianza mwenyewe mara ya tatu alipokuja, akasema kidogo, akanyamaza, nikamwambia inatosha kwa leo kama anaona inatosha. Miadi yake niliipanga kwa kufuata mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wanakuwa nchi kavu, na mtu anaweza kuja kliniki bila kijiwe kuuliza mbona leo hayuko mwaloni. Kama unahudumia wakulima, tafuta siku zao. Usimpangie mtu siku ya gulio ukashangaa hakuja.

Kwa hiyo hasimulii kabisa?

Anasimulia, kwa wakati wake na kwa mtu aliyefundishwa. Kuna tiba ambazo kazi yake ni hiyo hiyo ya kusimulia, na zimejaribiwa karibu na hapa. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, wala si madaktari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika tiba hiyo kamba hutandazwa chini kuwa maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jema linawekwa ua, penye baya linawekwa jiwe. Halafu mtu anasimulia kwa mpangilio, jiwe moja baada ya jingine, mpaka tukio lililokuwa likielea bila tarehe linakaa mahali pake: lilitokea mwaka ule, pale, na lilikwisha. Kwa watoto waliofiwa na wazazi, washauri wa kawaida wa jamii wamefanya kazi ya namna hii Moshi na Bungoma, wakikaa nao kwa vikundi, pamoja na walezi wao.

Lakini kamba na mawe usijaribu kwa kuwa umesoma hapa. Ukimfungua mtu ukashindwa kumfunga, anakwenda nyumbani na jeraha wazi. Vilevile ule mtindo wa kukusanya watu siku moja baada ya ajali, kila mmoja aelezwe "toa yote", uache. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani kutazama nani anahitaji nini, kusikiliza bila kuchokonoa, na kumuunganisha mtu na ndugu, chakula, matibabu.

Ya kukwepa, kwa haraka

"Mshukuru Mungu uko hai." "Wewe mwanaume, jikaze." "Kuna waliopata makubwa zaidi." Yote yanamfunga mtu mdomo. Dua na sala ni nzuri, wengi ndizo zinazowashikilia, na shehe au mchungaji anayejua kukaa kimya na mtu nampa heshima zote. Kumpunga mapepo kwa kumpiga au kumfunga kamba ni kumtia kiwewe cha pili. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa usimshauri. Vinazoeleka haraka na kiwewe havikitibu. Pombe hali kadhalika.

Mkalimani asiwe mtoto wake. Muha na Mrundi wanasikilizana, hivyo ni rahisi kumwita jirani yeyote atafsiri, ila hujui jirani huyo kwake ni nani. Muulize mwenyewe kwanza, faragha.

Yasiyosubiri

Aliyebakwa apelekwe hospitali leo. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba zina hadi saa 120. Asioge wala kufua nguo kama anaweza kuvumilia, lakini kama ameshaoga aende hivyo hivyo. PF3, fomu ya polisi kwa mtu aliyeumizwa, inatoka kituoni, na hapo Dawati la Jinsia na Watoto ndilo la kuliendea, ila matibabu ya haraka yasisubiri karatasi. Kwa mtoto anayeumizwa kuna simu ya bure, 116, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Ukihisi mtu anawaza kufa, muulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi anashusha pumzi kwamba kuna aliyeona. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Dawa za kunyunyizia pamba na vidonge vitolewe nyumbani, na mfuatane hadi hospitali, wewe mwenyewe au ndugu anayemtaka yeye.

Barua ya rufaa

Mwezi ukipita hali haishuki, mtu hawezi kula, hapati usingizi, hafanyi kazi, au anaanza kunywa ili alale, ni wakati wa kumpeleka mbele. Kwa wa mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kwa wa wilayani anzia hospitali ya wilaya. Muandikie barua itakayompunguzia kusimulia upya. Usimwage kisa chote, karatasi hupita mikono mingi, kuanzia dirisha la mapokezi. Ya yule kijana ilikuwa mistari michache: alipatwa na tukio la hatari kazini, tangu hapo analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu kwa usiku mzima, anashtushwa na mlio wa injini, hajafikiria kujiua, anapenda kukaa akiutazama mlango, tukio lenyewe atalieleza akiwa tayari. Nilimsomea kabla ya kuikunja. Akaniomba nifute neno moja, "kazini", kwa kuwa tajiri wake ana ndugu pale hospitali. Nikalifuta, nikaandika barua upya.