Joto la kiangazi Ujerumani: msibandike kitu kwenye kioo cha mwenye nyumba

Jamani mnaokuja Ujerumani, na nyie mliopo tayari mnaohamia vyumba vya juu kabisa chini ya paa kwa sababu ndivyo mlivyopata, nisikilizeni kabla Juni haijafika. Mimi nimelipa kioo. Nimelipa kioo kizima cha dirisha la paa ambacho sikukipiga na kitu, kilipasuka chenyewe mchana niko kazini, hela ikakatwa kwenye Kaution yangu, ile amana unayomwachia mwenye nyumba, na bima nayo ikanigeuka. Kwa hiyo habari za kunywa maji mengi na kuoga kabla ya kulala sitaziandika sana, hizo mnazijua. Nataka niandike habari za kioo.

Kwanza ieleweke nyumba za huku zimejengwa kupigana na baridi. Ukuta umevalishwa tabaka la kuzuia baridi, dirisha lina vioo viwili au vitatu, pembeni kuna mpira unaoziba hata upepo mdogo. Wakati wa baridi unashukuru Mungu, ila kiangazi joto likishaingia ndani halina pa kutokea. Sisi tumekulia nyumba zinazopumua, ukisikia joto unafungua madirisha yote na mlango, upepo unapita, imeisha hiyo. Ukifanya hivyo huku saa nane mchana nje ikiwa nyuzi 36 unakaribisha joto mwenyewe, ukuta na zege vinalinywa kutwa nzima, halafu usiku unapotaka kulala vinalirudisha lote juu yako.

Mimi nilikuwa Köln, chumba chini ya paa, dirisha moja kubwa limelala na mteremko wa paa linatazama magharibi, yaani kuanzia saa nane mpaka jua linazama saa tatu na nusu usiku ni jua tu kitandani. Ikaja ile wiki ya Julai 2019. Tarehe 25 Duisburg na Tönisvorst, hapo jirani kabisa, zilipima nyuzi 41.2, ikawa rekodi ya nchi nzima. Kipimajoto changu cha mezani saa tano usiku kilisoma 34. Nikakipiga picha nikamtumia dada yangu nyumbani, akanijibu we si umezaliwa kwenye joto, Wazungu wamekulainisha. Dada yangu nampenda na najua hakuwa na nia mbaya, lakini ndugu zetu naomba muelewe hili, mwili hauna cheti cha kuzaliwa. Mwili unazoea joto kwa kukaa kwenye joto wiki moja mbili, ukiondoka unasahau, na mtu aliyetoka kwenye miezi sita ya baridi akakutana na nyuzi 38 ghafla ndani ya chumba kisicho na upepo anaumia kama Mjerumani tu.

Basi nikafanya kile ambacho naona wengi wenu mnafanya. Nikaagiza mtandaoni ile stika ya kioo inayong'aa kama miwani ya jua, nikapulizia maji ya sabuni, nikaibandika kwa ndani, nikaisukuma mapovu kwa kadi ya benki mpaka ikakaa vizuri. Siku tatu nikaona nimepata dawa. Siku ya nne narudi kutoka kazini nakuta ufa. Umeanzia chini pembeni, palepale kioo kinapoingia kwenye fremu, umepanda wima urefu wa kidole kama umepigwa rula, halafu ukaanza kupinda kama mto mpaka upande wa pili. Hakuna alama ya kugongwa popote. Ukipitisha kucha kwa ndani haikwami sana kwa sababu ya stika, ila ukikaa gizani na tochi unauona wote.

Mwenye nyumba akaleta fundi vioo. Yule fundi hakuangalia hata dakika moja, akaweka kidole pale ufa ulipoanzia, akaniuliza neno moja tu: "Folie?" yaani stika. Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye karatasi yake. Hilo neno moja ndilo lililonilipisha.

Alinieleza baadaye na nimekuja kuthibitisha. Stika ikiwa ndani, jua limeshapita kioo, kwa hiyo joto linanaswa kwenye kioo chenyewe. Katikati kinachemka kinatanuka, lakini ukingo uliofichwa ndani ya fremu hauoni jua, unabaki wa baridi. Kioo cha kawaida kinavumilia tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya katikati na ukingo, zaidi ya hapo kinapasuka, na ufa unaanzia ukingoni tena wima kabisa. Ndiyo maana fundi anaujua kwa macho, huwezi kumdanganya kwamba ni ndege au mpira wa watoto. Na si stika peke yake. Mto mweusi ulioegemea kioo, godoro ulilosimamisha dirishani kuzuia jua, foili ya jikoni uliyobandika kwa selotepu, pazia zito lililogusana na kioo likafunika nusu huku nusu ikipigwa na jua, vyote vina hatari ileile. Narudia, usibandike na usiegemeze kitu kwenye kioo kwa ndani. Kama stika imekuja na nyumba, ipige picha na hakikisha imeandikwa kwenye Übergabeprotokoll, ile karatasi ya makabidhiano ya nyumba, siku unakabidhiwa funguo.

Sasa bima. Nilikuwa na Haftpflicht, bima inayolipa ukiharibu mali ya mtu mwingine, nalipa kila mwaka, nikajua nimeokoka. Wakanijibu barua fupi sana. Bima nyingi za Haftpflicht zinalipa ukiharibu vitu vya nyumba uliyopanga lakini vioo vimetolewa, wanasema kioo kina bima yake peke yake ambayo ulipaswa kuikata. Hilo limo kwenye masharti, maandishi madogo, ukurasa ambao hakuna mtu anaufungua. Kaution kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za ziada, na kwangu zaidi ya nusu ilikwenda kwenye hicho kioo, na iliyobaki nikaisubiri miezi mitano baada ya kuhama. Fungueni hayo masharti leo, tafuteni neno Glas, yaani kioo. Dakika kumi tu.

Nilitakiwa kufanya nini? Kulizuia jua NJE kabla halijagusa kioo. Hiyo ndiyo siri yote. Kivuli kizuri cha nje kinaweza kuzuia robo tatu ya joto la jua au zaidi, pazia la ndani linazuia sehemu ndogo tu kwa sababu joto limeshaingia chumbani. Kama nyumba yako ina Rollladen, ile inayoshuka nje ya dirisha, we umebarikiwa, ishushe asubuhi jua kabla halijafika upande wako na usiipandishe mpaka jioni, hata kama unaona giza linakukera. Kama huna, kwa madirisha ya paa kuna vitambaa vya wavu vinavyotandikwa nje ya kioo, vinashikwa na dirisha lenyewe ukilifunga, hakuna kutoboa. Wengine wanatandika nje ile blanketi ya dharura ya fedha na dhahabu iliyomo kwenye sanduku la huduma ya kwanza la gari, upande wa fedha ukitazama jua, nayo inasaidia sana, ila ifunge vizuri isije ikapeperuka ikamuangukia mtu barabarani.

Lakini hapa tena mtego. Kutoboa ukuta wa nje, kufunga kivuli cha kudumu, kubadilisha muonekano wa nyumba, vyote vinahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na ruhusa ya mdomo huku ni sawa na hakuna ruhusa. Mzee wa ghorofa ya chini akikwambia weka tu hakuna shida, yeye si mwenye nyumba. Andika imeli, hata Kijerumani chako kikiwa kibovu: "Darf ich außen am Dachfenster einen Sonnenschutz ohne Bohren anbringen?" yaani naruhusiwa kuweka kivuli nje ya dirisha la paa bila kutoboa? Subiri jibu la maandishi, lihifadhi. Akikataa usilazimishe, nenda Mieterverein, chama cha wapangaji, ada yao ya mwaka ni ndogo ukilinganisha na kioo, na wanasoma mkataba wako.

Na msikate kodi kwa hasira. Nimesikia vijana wanashauriana eti chumba kikizidi joto unalipa nusu. Deni likifika kodi ya miezi miwili mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba bila notisi, na we ndiye utakayehangaika kutafuta nyumba katika mji ambao kila chumba kinaombwa na watu mia. Mieterverein kwanza, hesabu baadaye.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Fungua madirisha yote wazi kabisa usiku na alfajiri, saa kumi mpaka kumi na mbili ndipo hewa iko baridi kuliko wakati wote, na fungua pande mbili ili upepo upite. Kulilaza dirisha nusu, yaani juu wazi kidogo chini limefungwa, hakutoshi. Usiondoke nyumbani ukaliacha limelala hivyo, mvua za radi za huku zinakuja ghafla, na mwizi akiingia hapo bima inaweza kukukatia malipo. Feni inasaidia ikikupiga mwilini, nguo ikiwa na unyevu ndiyo zaidi, ila WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ikizidi nyuzi 40 usiitumie. Vile vikasha vya maji wanavyouza kama AC ndogo, achaneni navyo kwenye chumba kilichofungwa, vinajaza unyevu na jasho linakataa kukauka. Oveni ipumzike.

Kitu kimoja kinaniuma kuhusu jamii ya huku, niseme. Mwaka 2003 Ulaya ilipigwa na joto na makadirio ni kwamba watu kama elfu 70 walikufa zaidi ya kawaida, wengi wazee, hasa Ufaransa na Italia. Sio kwamba hawa watu hawana akili au hela. Wana ratiba ya takataka, wana sheria ya kelele baada ya saa nne usiku, kila kitu kimepangwa, lakini mzee anaweza kukaa siku nne ndani ya chumba cha nyuzi 35 na hakuna mtu wa kumgongea mlango kwa sababu kugonga bila miadi ni kumsumbua. Heshima ya namna hiyo mimi siielewi. Jengo letu kuna bibi ghorofa ya tatu, siku za joto namgongea nikitoka kazini, mara ya kwanza alishtuka, siku hizi ananisubiri na mlango uko nusu wazi.

Na kama unamleta mama kutembea, ukaona tiketi ya Julai ndiyo inakufaa kwa sababu ya likizo, tafadhali asilale chumba cha chini ya paa. Atakwambia amezoea joto, atakataa feni eti inamuumiza mgongo, atafunga dirisha usiku akiogopa wezi. Mpe chumba cha upande usiopata jua la jioni, weka kipimajoto mahali anakiona, mwelekeze kushusha Rollladen asubuhi we ukiwa kazini. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka, ngozi ikawa ya moto, asiweze kusimama, piga 112, namba ya dharura, papo hapo, mlowanishe maji na umpepee mpaka wafike.