Kupima Uvujaji wa Mirija ya Upasuaji Kiwandani

Mrija wa kufyonzea damu wakati wa upasuaji hutumika mara moja na kutupwa, lakini ukivuja katika mara hiyo moja, anayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo upimwe kabla ya kufungashwa.

Ziba ncha moja kwa kizibo cha mpira, unganisha ya pili na mashine ya kupimia, jaza hewa kavu iliyochujwa hadi presha iliyotajwa kwenye maelekezo ya bidhaa, kisha funga vali. Usisome chochote papo hapo. Plastiki laini hutanuka inapojazwa, na hewa iliyobanwa hupata joto kisha hupoa, hivyo presha hushuka hata pasipo tundu. Subiri itulie ndipo uanze kupima kama presha inaendelea kushuka, maana hapo ndipo uvujaji huonekana.

Hapa Dodoma, jua la mchana linapopenya dirishani, joto ndilo adui mkubwa. Ukijaza kilopaskali 30 juu ya presha ya hewa ya nje, hewa ya ndani ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, presha ya kifaa kisichotanuka hupanda kwa takriban paskali 400, kiasi kinachoweza kuficha kabisa tundu dogo. Hata kuushika mrija kiganjani wakati wa kipimo ni kosa, nami hulikemea kila ninapoliona.

Kila asubuhi ikague mashine yenyewe: anza na mrija mzima usiovuja, kisha ule wenye uvujaji unaojulikana. Mashine ikiupitisha huo wa pili, simamisha kazi, na upime upya mirija yote iliyopita tangu ukaguzi wa mwisho uliofaulu.