SOMO: Nyurobiolojia ya utangulizi chuo, isome kwa kutumia sumu

Habari wakuu. Kila semesta naona watu wanaingia kwenye hii kozi na gia ya kukariri majina, amigdala, hipokampasi, thalamasi, wanachora ubongo kwa kalamu za rangi inapendeza kweli, halafu test one inakuja na swali la mstari mmoja, "potasiamu ya nje ikipanda mara mbili seli itafanyaje", ukumbi mzima kimya. Hii kozi haiulizi sana jina la kitu, inauliza ukikigusa nini kinaharibika. Kwa hiyo isome kwa kuharibu. Na huku kwetu sumu za kuharibu neva zipo kibao, baharini, porini, mpaka stoo ya mkulima.

Hatua ya 1: karatasi nyeupe na namba nne

Chora duara moja, ndio seli yako. Ndani andika potasiamu 140, sodiamu 15. Nje potasiamu 5, sodiamu 145. Hizo ni milimola kwa lita kwenye seli ya mamalia, kila kitabu kinazisogeza kidogo kwa hiyo usigombane na lekchara, tumia za kwake. Kalsiamu we shika tu kwamba nje ipo kama mara elfu kumi kuliko ndani, utaihitaji kwenye sinapsi (pale neva inapokutana na seli nyingine). Hizo namba kariri kama namba yako ya simu, mengine mengi yanatoka humo.

Hatua ya 2: piga Nernst kwa mkono

Walther Nernst alikuwa mkemia Mjerumani, Nobel yake ya 1920 ni ya kemia, ila fomula yake ndio inawatesa watu wa baiolojia mpaka leo. Kwa joto la mwili: 61.5 gawanya kwa chaji ya ioni (chembe yenye chaji, kama hizo sodiamu na potasiamu), zidisha kwa logi ya (nje gawanya kwa ndani), jibu linakuja kwa milivolti, ndio volti ambayo ioni hiyo ikifika inatulia, haiingii wala haitoki kwa jumla. Potasiamu, 5 kwa 140, logi ni −1.447, unapata −89. Sodiamu, 145 kwa 15, unapata kama +61.

Sasa nyuroni (seli ya neva) iliyopumzika iko kwenye −70 hivi. Iko karibu na nani? Na potasiamu. Maana yake utando ukipumzika unapitisha potasiamu kuliko sodiamu, basi, hapo umeshaelewa resting potensho (volti ya seli ikiwa imetulia). Ikifika kama −55 chaneli za sodiamu (vijitundu vya kupitishia sodiamu kwenye utando) zinafunguka kwa wingi, volti inakimbilia +61 lakini haifiki, inaishia +30 au +40, kwa sababu chaneli zile zinajifunga zenyewe haraka na za potasiamu, ambazo ni nzito kuamka, zinafunguka zinaivuta kurudi chini. Hiyo ndio aksheni potensho nzima (mshtuko wa umeme ambao neva inapelekea ujumbe) na hujakariri grafu yoyote. Hodgkin na Huxley waliifumua kwa kutumia ngisi, jamaa zake hawa tunaokula Forodhani Zanzibar, kwa sababu ngisi ana aksoni (mkia mrefu wa nyuroni) nene inayoweza kufika milimita moja kwa hiyo unapenyeza waya ndani kabisa ukapima. Makala zao zilitoka 1952, Nobel 1963.

Hatua ya 3: haribu kipande kimoja kimoja

Hapa kaa sana. Nusu ya maswali magumu yanatoka hapa. Kwa kila sumu jiulize matatu: imekamata nini, volti inakuwaje, mtu anaonekanaje.

Anza na bunju. Watu wa pwani wanamjua, samaki anayejivimbisha, ukimpika vibaya unazika. Sumu yake tetrodotoksini inaziba chaneli za sodiamu kwa nje. Resting haibadiliki sana, ila aksheni potensho hakuna, kwa hiyo midomo inakufa ganzi, misuli inalegea, pumzi inakata huku mtu akili anazo. Ganzi ya daktari wa meno nayo inaziba chaneli hizo hizo ila inakaa upande wa ndani, na yeye kachoma sehemu moja tu ndio maana unatoka mzima.

Koboko. Kwenye sumu yake kuna dendrotoksini zinazoziba chaneli za potasiamu. Fikiria mwenyewe, kama za potasiamu hazifunguki volti itachelewa kushuka, aksheni potensho inarefuka, kalsiamu inaingia nyingi kwenye ncha ya neva, asetilikolini (kemikali ya neva kuongea na msuli) inamwagwa kupita kiasi. Fira yeye anakwenda upande wa pili, anakamata vipokezi vya asetilikolini kwenye msuli, neva inaongea na msuli hausikii. Zote zinaweza kukuua kwa kukosa pumzi lakini njia ni mbili tofauti, na mtunga mtihani anapenda hapo.

Dawa za wadudu za oganofosfeti zinazima kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Mate, machozi, jasho, mboni zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka halafu inalegea. Hospitali wanatoa atropini. Swali la kujipima: mbona atropini inakausha mate lakini haiondoi kulegea kwa misuli? Kwa sababu vipokezi vya asetilikolini viko vya aina mbili, atropini inaziba vya muskarini tu, msuli wa mifupa unatumia vya nikotini. Ukilijibu hili bila kuangalia desa, sinapsi umeielewa.

Pepopunda na botulinamu ziweke pamoja. Zote mbili zinakata protini zinazosaidia vifuko vya nyurotransmita (kemikali za ujumbe kama asetilikolini) kumwaga mzigo. Botulinamu inafanya kwenye neva inayokwenda msuli, mtu analegea. Ya pepopunda inapanda mpaka ugwe mgongo inazima nyuroni za kutuliza, breki hakuna, mtu anakakamaa. Kazi ile ile, mahali tofauti, matokeo kinyume kabisa.

Hatua ya 4: njia za ugwe mgongo

Hapa anatomia haikwepeki, ila njia tatu zinatosha kuanzia. Ya kuamuru misuli inavuka upande kwenye medula (sehemu ya chini ya ubongo, juu ya ugwe). Ya mguso mwepesi na mkao wa viungo inavuka kwenye medula pia. Ya maumivu na joto inavuka mapema, ndani ya ugwe mgongo. Sasa kata nusu ya kulia ya ugwe: mguu wa kulia umepooza na haujui uko wapi, mguu wa kushoto unatembea vizuri ila ukiuchoma hausikii. Aliyeeleza hali hii ni Brown-Séquard, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, kazaliwa Mauritius 1817.

Hatua ya 5: kupiga msuli, yaani kusoma kwenyewe

Usisome slaidi mara ya tano. Funga kila kitu, chukua karatasi tupu, chora kuanzia duara la hatua ya 1, unapokwama ndipo ufungue. Diskasheni iwe ya watu wachache, kila mtu aje na sumu au ugonjwa mmoja awaulize wenzake. Bando likiruhusu tafuta simulesheni (uigaji wa kompyuta) ya nyuroni kwenye tovuti ya PhET, ya bure, unaona ioni zinavyopita.

MASWALI

kisamvu: Mkuu nimetoka CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), hesabu na mimi ni paka na maji. Nernst naogopa hata kuiangalia.
Jibu: Kalkuleta inafanya logi, kazi yako ni ishara tu. Ioni chanya ikiwa nyingi ndani kuliko nje, jibu ni hasi. Ikiwa nyingi nje, chanya. Kwa kloridi unageuza kwa sababu chaji yake ni −1. Kabla ya kubonyeza chochote andika pembeni unategemea hasi au chanya, ukipata tofauti umegeuza nje na ndani. Na soma swali, wakikupa maabara ya nyuzi joto 20 ile 61.5 inakuwa 58.

BintiMrima: Shikamoo kaka. Lile la potasiamu kupanda mara mbili umetuacha hewani.
Jibu: Marahaba. Nje weka 10 badala ya 5, Nernst inatoka −89 inakuja kama −70. Resting nayo inapanda kuifuata. Wengi wanaandika "seli inakuwa nyepesi kufyatuka" wanaishia hapo. Mwanzoni kweli, ila ikikaa juu muda mrefu chaneli za sodiamu zinabaki zimejifunga hazijirejeshi, seli inashindwa kufyatuka kabisa. Ndio sababu potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Andika yote mawili.

ngoswe_lab: Pampu ya sodiamu na potasiamu si ndiyo inarudisha volti chini baada ya aksheni potensho? Lekchara wetu alisema pampu inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2.
Jibu: 3 na 2 sahihi, ila kushusha volti ni kazi ya chaneli za potasiamu. Ioni zinazovuka kwenye aksheni potensho moja ni chache mno, ni kuchota kikombe baharini. Ushahidi ni wabaini, sumu inayotoka kwenye miti ya Acokanthera ambayo Wagiriama na Wakamba walipaka kwenye mishale. Inazima pampu, lakini aksoni kubwa ya ngisi inaendelea kufyatua kwa muda mrefu tu mpaka tofauti ya ndani na nje iishe taratibu. Pampu yenyewe aliigundua Jens Skou wa Denmark, 1957, kwenye neva za miguu ya kaa.

Mama Tatu: Mimi ni nesi narudi chuo. Kuna ile ya mihogo michungu kupoozesha miguu, inaingia wapi kwenye somo lako?
Jibu: Konzo dada, asante, hiyo ilistahili kuwa juu huko. Huko Tarime, Tanzania, ilitokea miaka ya 1980, mihogo michungu haikuandaliwa vya kutosha ikabaki na sayanidi. Inaharibu nyuroni za juu, zile za kutoka ubongoni, kwa hiyo miguu inakakamaa na ukigonga goti inaruka kupita kiasi. Ilinganishe na polio inayoua nyuroni za chini, mguu unalegea, unakonda, goti halijibu. Wewe wa wodini hili utalishika kuliko sisi.

chura_wa_pili: Praktiko ya neva ya chura, tulivyoongeza umeme wimbi likawa kubwa zaidi. Si mlisema aksheni potensho ni yote au hakuna?
Jibu: Kwa aksoni moja ndiyo. Ile neva ya mguu ina aksoni nyingi sana, nene zinaamka kwa umeme kidogo, nyembamba zinataka mwingi. Ukiongeza umeme unaongeza idadi ya walioamka, na elektrodi inapima jumla yao. Ongeza zaidi mpaka wimbi ligome kukua, hapo wote wameamka, na hiyo volti iandike kwenye ripoti kwa sababu wataiuliza.