Namna ya Kuandaa Maadhimisho ya Tukio la Historia ya Biashara au Teknolojia

Anayetaka kuadhimisha tukio la kihistoria la biashara au teknolojia jijini Dar es Salaam aanze kwa kuamua anahesabu kuanzia siku ipi, kwa sababu jambo moja huwa na tarehe kadhaa. Reli ya TAZARA, kwa mfano, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, lakini ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Bango linalotangaza miaka 50 bila kutaja ni miaka 50 ya nini litazua ubishi pale pale stesheni. Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo lilisajiliwa mwaka 1996, ilhali mauzo yalianza Aprili 1998, na kwa maoni yangu siku ya mauzo ndiyo yenye uzito.

Tarehe ikishapatikana, ilinganishwe na magazeti ya wakati huo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchi nazo zisichanganywe: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Hafla ya upande wa Temeke isipangwe siku za Sabasaba, kwani Barabara ya Kilwa hufurika magari na wageni watachelewa.