Namna ya Kuzikutanisha Ofisi za Serikali kwenye Mwalo Mmoja

Mfano wangu ni mwalo, yaani sehemu ya ufukweni wanapopokelea samaki, wa kijiji katika Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, Tanzania, ambapo wananchi wanahitaji choo, maji safi na vichanja vya kukaushia dagaa.

Hatua ya kwanza: anzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wala usianzie wilayani. Hakikisha kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na kina mama wanaokausha dagaa wamehudhuria, kisha muhtasari utiwe saini na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Ofisi isiyoona muhtasari huo huja na vipaumbele vyake yenyewe.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka: pimeni mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kabla mtu yeyote hajachora ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo. Niliwahi kushuhudia choo kilichojengwa kwa fedha za ofisi moja kikiamriwa na ofisi nyingine kuondolewa, ilhali maofisa wa pande zote mbili walikuwa wamepita mwaloni hapo mwezi uleule, kila mmoja kwa gari lake. Kwa hiyo afisa uvuvi, afisa mazingira wa wilaya na mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria washike kamba pamoja, na vigingi vipigwe mbele ya wanakijiji.

Hatua ya tatu: mwombe Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri aandike barua moja, yenye ombi mahususi kwa kila taasisi: RUWASA (wakala wa maji vijijini) chanzo cha maji, TAFIRI Mwanza (taasisi ya utafiti wa uvuvi) ushauri kuhusu dagaa. Barua inayoomba "ushirikiano" tu hujibiwa kwa salamu.

Hatua ya nne ni bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hivyo maombi yafike miezi kadhaa kabla, yakiwa yamepitia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Vichanja vinaweza kugharamiwa na kikundi kilichosajiliwa kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2.

Hatua ya tano: katika kila mkutano mkuu unaofuata, mtendaji asome ahadi za kila ofisi, tarehe yake na kilichotekelezwa, maofisa wenyewe wakiwapo.